Gari la zamani likisumbua kati ya Arusha na pwani ya Tanga: dalili, chanzo na tiba

Arusha mjini ni mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Tanga iko ufukweni. Katikati kuna kilomita 430 hivi, nazo ndizo zinazoyaumbua magari mengi ya klabu ya magari ya zamani kwenye msafara wa wikiendi: Jumamosi kushuka, Jumapili kutembea taratibu kandokando ya bahari kupitia Tongoni hadi Pangani, kisha kugeuza. Gari lililokuwa tamu barabara ya Usa River linafika Korogwe linakohoa, na mwenyewe anaanza kubadilisha kila spea aliyobeba kwenye buti.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Gari limesetiwa kwa hewa ya mlimani, sasa linavuta hewa ya pwani. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, jibu maswali mawili. Tatizo limeanzia wapi, juu au chini? Na limeanza gari likiwa kwenye hali gani: mwendo mkubwa, matuta ya mjini, baada ya kuzimwa kwa chai, au asubuhi? Ukiwa na majibu hayo, vyanzo vingi vinajiondoa vyenyewe. Mwongozo huu ni wa magari ya kabureta na pointi, yaani swichi ndogo ya cheche ndani ya distribyuta (Volkswagen Beetle na Kombi, Peugeot 404 na 504, Land Rover Series, Datsun, Toyota za injini za K, Mini, Morris), pamoja na neno fupi kuhusu dizeli za zamani.

Cha kubeba

Kondensa moja, seti ya pointi, rota, plagi mbili, mkanda wa feni wa saizi ya gari lako uliokwisha kujaribiwa kufungwa, hozi ya juu na ya chini ya rejeta, klipu sita, mita moja ya hozi ya petroli, chujio mbili za petroli, fyuzi, waya mita tatu, mita ya umeme, fila geji, geji ya upepo, lita 10 za maji, lita 2 za oili, nusu lita ya mafuta ya breki kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Pembetatu mbili za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto havina mjadala: askari wa usalama barabarani watavidai, na petroli ikivuja juu ya eksozi utavidai wewe mwenyewe.

Kondensa ya akiba iwe ile ya zamani iliyokuwa inafanya kazi vizuri. Kondensa mpya za bei rahisi zinakufa ndani ya saa moja ya joto. Funga mpya ukiwa nyumbani, itembeze wiki mbili, na ya zamani ndiyo uiweke kwenye buti.

Nguvu inapungua na kabureta inapiga chafya, kuanzia Hedaru kwenda chini

Hili ndilo tatizo kuu la njia hii, na ndilo linalotafsiriwa vibaya kuliko yote. Kwenye mita 1,400 shinikizo la hewa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani. Kabureta inapima ujazo wa hewa, haipimi uzito wake. Gari lenye jeti (vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta) za kiwandani, zilizochaguliwa kwa usawa wa bahari, likiwa Arusha linapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: plagi nyeusi, moshi, mafuta yanaisha upesi. Fundi anapunguza jeti mpaka plagi ziwe kahawia, na amefanya sawa kabisa. Lakini kabureta hiyo hiyo ikifika Tanga inatoa petroli pungufu kwa asilimia 6 au 7, na injini inachoma mchanganyiko mwepesi.

Moshi mjini ni kati ya mita 800 na 900, na Same haipishani sana na hapo, kwa hiyo hadi Same gari huwa linajikaza. Kutoka Same barabara inashuka kuelekea Mombo, halafu Korogwe kwenye mita 300 hivi. Hapo ndipo dalili zinapojitokeza: ukikanyaga ghafla injini inasita kwanza halafu inapiga chafya kwenye kabureta, kwenye mwendo wa kati gari linaenda kwa kushtukashtuka, sindano ya joto inapanda kidogo, plagi zikifunguliwa ni nyeupe.

Kipimo cha dakika moja: ukiwa kwenye mwendo ule ule unaosumbua, vuta choki robo. Gari likichangamka, ni petroli pungufu. Likizidi kudorora, rudisha choki ukaangalie umeme wa plagi, maana kabureta haina kosa.

Kabla ya kuongeza jeti, hakikisha hakuna hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye injini bila kupimwa na kabureta. Gasketi ya manifoldi iliyochoka, hozi ya servo ya breki iliyopasuka, au ekseli ya kabureta iliyolegea hutoa dalili zile zile. Tofauti yake ni kwamba hewa ya wizi inasumbua zaidi injini ikiwa sailensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), na ilikuwa inasumbua hata Arusha. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Angalia pia chujio la petroli. Likiwa limeziba nusu, gari linakosa nguvu ukikanyaga kwa muda mrefu tu, na ukipunguza mguu linakaa sawa.

Ukishathibitisha, tiba inategemea kabureta. Kwa Solex na Weber, namba iliyoandikwa kwenye jeti ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita, hivyo jeti ya 122.5 ikibadilishwa kuwa 127.5 tundu linaongezeka eneo kwa asilimia 8 hivi. Hatua hiyo moja ndiyo tofauti ya Arusha na Tanga. Mwenye jeti mbili kwenye kikopo hana sababu ya kuteseka. Kazi yenyewe ni dakika kumi na tano pembeni ya barabara. Kwa SU, ambayo iko kwenye Mini na Morris, shusha nati ya jeti pembe mbili kati ya sita, halafu inua pistoni yake kwa milimita moja. Injini ikitaka kuzima, bado ni nyepesi. Ikiongeza mwendo na kubaki hapo, umezidisha. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, iache.

Skrubu ya mchanganyiko inasaidia kwenye sailensa tu, haiponyi mwendo mkubwa. Ujue pia iko upande gani. Ikiwa upande wa injini kupita kipepeo, inapima mafuta: kufungua ni kuongeza. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa: kufungua ni kupunguza mafuta. Watu wengi huzungusha kinyume kwa kutojua hili, kisha wanamlaumu aliyeuza kabureta.

Land Rover yenye Zenith 36IV ina ugonjwa wake wa pekee. Mfuniko wa juu unapinda kwa joto na kukazwa sana, hewa na petroli vinapita mahali visipotakiwa, sailensa inayumba na hakuna skrubu inayoitibu. Weka mfuniko juu ya kioo bapa chenye msasa laini, usugue kwa mviringo mpaka uso wote ung'ae sawasawa, kisha badilisha duara la mpira la ndani. Hiyo ni kazi ya nyumbani wiki moja kabla.

Injini inagonga ukipanda vilima vidogo vya Muheza

Sauti ya kama shanga kwenye bati, hasa ukiwa gia ya nne na mguu umezama, ni taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Huku juu hewa nyembamba hujaza silinda kidogo, na injini inavumilia taimingi iliyosogezwa mbele digrii mbili hadi nne. Mafundi wengi huiweka hivyo kwa makusudi ili gari lipate nguvu. Pwani silinda inajaa, shinikizo linapanda, na ile taimingi inakuwa kubwa mno. Ukiendelea kukanyaga, kinachofuata ni gasketi ya hedi au pistoni iliyotoboka.

Chora alama ya distribyuta dhidi ya bloku kabla ya kulegeza boliti. Geuza distribyuta kuelekea upande ule ule rota inakozungukia: huko ndiko kurudisha nyuma. Kumbuka inazunguka nusu ya mwendo wa kirenki, kwa hiyo kusogeza distribyuta digrii moja ni digrii mbili za taimingi. Anza na hiyo moja. Kwa Beetle nyingi zenye distribyuta ya vakyumu, alama ya digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu ndiyo ya kurudia kwa taa ya taimingi, si kwa sikio.

Jambo la pembeni lakini lina faida: ukipima kompresheni Arusha ukapata psi 128, injini hiyo hiyo pwani itasoma karibu 150. Usinunue ringi kwa sababu ya namba ya mlimani.

Gari linachemsha

Uliza kwanza: linachemsha likiwa kasi, au likiwa polepole?

Likichemsha polepole tu, kwenye matuta ya Korogwe au mjini Tanga, na likapoa ukishika mwendo, tatizo ni upepo wa feni. Angalia mkanda, kisha feni yenyewe. Peugeot 404 na 504 nyingi zina feni ya sumaku: swichi ya joto kwenye mfumo wa maji inapeleka umeme, sumaku inashika feni. Brashi ya kaboni ikiisha au swichi ikifa, feni inazunguka kivivu na mwenye gari anadhani iko salama. Zima injini, washa swichi ya funguo, unganisha nyaya mbili za swichi ya joto. Ukisikia mlio wa kushika, sumaku ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Kama haishiki, kaza skrubu tatu za kwenye feni kwa usawa mpaka feni ishikane na puli moja kwa moja. Itakula mafuta kidogo na kupiga kelele, lakini utafika Pangani. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Si gari la kuchemsha, na likichemsha kuna kitu mahususi cha kurekebisha.

Likichemsha kasi tu, chanzo ni maji kutozunguka vya kutosha au moto kuzidi. Rejeta iliyoziba ndani huonekana kwa mkono: injini ikiwa moto na imezimwa, pitisha kiganja karibu na rejeta, na sehemu baridi ndizo zilizoziba. Rejeta iliyoziba nje, kwa vumbi na wadudu, ioshe kwa maji ukianzia upande wa injini kwenda mbele. Hozi ya chini bila springi ya ndani hunywea injini ikipanda mizunguko. Mwambie mtu akanyage hadi mizunguko 3,000 huku unaitazama. Na mchanganyiko mwepesi pamoja na taimingi iliyozidi, mambo mawili tuliyotangulia kuyaeleza, ni vyanzo vya joto vilevile. Ndiyo maana gari lililorekebishwa kabureta Mombo mara nyingi linaacha kuchemsha bila kuguswa rejeta.

Mfuniko wa rejeta haupewi heshima unayostahili. Maji yasiyo na shinikizo Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kila psi moja ya mfuniko inaongeza zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu. Mfuniko ulioandikwa 7 lakini mpira wake umekakamaa ni sawa na kuendesha bila mfuniko, na maji yatatoka hata injini isipokuwa na kosa. Wala usifunge wa 15 kwenye rejeta iliyotengenezwa kwa 7. Utapasua matenki yake ya shaba.

Kuondoa thamostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto) ni tabia ya mafundi wengi, nasi hatuikubali. Injini zenye thamostati ya sahani mbili hutegemea sahani ya chini kuziba njia ya mkato. Ukiiondoa, maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta na joto linaongezeka. Ipime: iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na hapo. Isipofunguka, nunua nyingine.

Njiani sindano ikikaribia nyekundu na maji bado yapo: fungua hita yote, toka barabarani, acha injini ikiunguruma juu kidogo ya sailensa kwa dakika mbili. Mvuke ukishatoka, zima mara moja. Subiri nusu saa kabla ya kugusa mfuniko, ufungue kwa kitambaa hatua ya kwanza tu mpaka upumue, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi kwenye bloku lenye moto yanapasua hedi.

Gasketi ya hedi inajulikana hivi: washa injini ikiwa baridi kabisa, mfuniko wazi. Mapovu yasiyokoma yanayoongezeka ukikanyaga, au hozi ya juu kuwa ngumu ndani ya dakika mbili ukifunga mfuniko, ndiyo dalili. Gari hilo lipakie kwenye lori, lisipelekwe pwani.

Beetle na Kombi hazina maji, lakini zinachemka kimya kimya. Dalili ni taa ya oili kumetameta kwenye sailensa baada ya mwendo mrefu, na nguvu kufifia. Mkanda ukibonyezwa katikati uingie milimita 15 hivi. Ukikatika, taa ya chaji inawaka. Simama hapo hapo, usijaribu kufika kituo cha mafuta, maana mkanda huo ndio unaozungusha feni ya kupoza injini. Kagua mpira unaozunguka injini na mabati yake yote: tundu lolote linarudisha hewa ya moto ya chini kwenye feni. Silinda namba 3 ndiyo inayoungua kwanza kwenye injini za kabla ya 1971, kwa sababu kipoza oili kimesimama njiani mwa hewa yake. Oili yake ni lita 2.5 tu, kwa hiyo nusu lita iliyopungua ni sehemu ya tano nzima. Mwendo wa 80 unatosha.

Linazima likipata moto, likipoa linawaka

Kila mtu atasema "petroli inachemka". Wakati mwingine ni kweli: petroli huanza kutoa mvuke kwenye nyuzi 35 hadi 40, na pampu iliyofungwa kwenye bloku la moto hukamata mvuke badala ya petroli. Lakini kondensa na koili zinazokufa kwa joto hutoa dalili ile ile kabisa, na ndizo tunazokutana nazo zaidi. Usikisie. Pima gari likiwa bado limezima, kabla halijapoa.

Chomoa waya wa katikati kwenye kofia ya distribyuta, ushike kwa koleo lenye mpira, ncha yake iwe milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Mwenzako apige stata. Cheche ya bluu yenye mlio mkali inamaanisha umeme wa koili ni mzima. Cheche ya njano, nyembamba, au hakuna kabisa, ni koili, kondensa au pointi.

Kwenye upande wa umeme: fungua kofia, tazama pointi wakati zinafunguka. Cheche kubwa ya wazi kati yake ni kondensa iliyokufa. Mwanya uwe milimita 0.4 kwa Bosch na Ducellier, 0.35 hadi 0.40 kwa Lucas, 0.45 kwa Datsun na Toyota nyingi. Koili ya volti 12 ya kawaida ipimwe kwenye vituo vyake viwili vidogo: om 3 hivi. Ukipata 1.5, hiyo ni koili ya kutumia na rezista. Bila rezista inachoma pointi na kuungua yenyewe. Kama cheche ya koili ni nzuri lakini injini haiwaki, elekeza waya ule ule juu ya shaba ya rota. Cheche ikiruka hapo, rota inavujisha umeme kwenda kwenye shafti kupitia ribiti yake. Badilisha.

Kwenye upande wa petroli: fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likawaka baada ya muda mfupi, tundu la kupumulia limeziba. Hali hii huzimisha gari baada ya dakika 20 hadi 40 za mwendo, kila mara kwa muda unaokaribiana. Ikiwa sivyo, chomoa hozi kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, piga stata: petroli itoke kwa mapigo yaliyojaa. Mapovu matupu ni mvuke, au hozi ya kuvutia iliyopasuka nyuma ya pampu, na hiyo ya pili inavuta hewa bila kuvuja tone. Takataka kwenye chujio zinazoongezeka baada ya matuta ni kutu ya tenki. Jaza tenki lisipungue nusu ili kutu ibaki chini.

Mvuke ukithibitika, kitambaa chenye maji juu ya pampu kinafanya kazi. Vibanio vya nguo kwenye bomba havifanyi chochote cha maana. Tiba ya kudumu ni kuhamisha bomba sentimita chache kutoka kwenye eksozi, kulifunika kwa kizuia joto, na kuweka gasketi nene ya plastiki ngumu chini ya pampu. Kwenye Beetle, hozi za petroli za nyuzi za nje zibadilishwe kabla ya safari kwa za milimita 5 zenye klipu. Zikilegea juu ya distribyuta, gari linaungua.

Dizeli za zamani

Mercedes 240D na Land Cruiser za dizeli zikikosa nguvu kasi, karibu daima ni chujio au hewa kwenye bomba. Badilisha chujio, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Mercedes ikikataa kuzima kwa funguo, vakyumu imevuja. Bonyeza lever ya STOP chini ya boneti na utafute hozi usiku Tanga.

Breki

Pedali ikiwa laini kama sponji baada ya kushuka kwa muda, mafuta ya breki yamenyonya unyevu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 huchemka kwenye nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiwango kinaanguka hadi 155 (DOT 3 ni 205 na 140). Ngoma za breki zilizotumika sana huvuka hapo, hasa kwa anayeshawishika kupanda Lushoto kutokea Mombo na kushuka tena kwa gia kubwa. Shuka kwa gia uliyopandia. Mafuta yabadilishwe yote kila miaka miwili.

Gari likivuta upande, simama na nyunyizia maji kidogo kila ngoma. Inayotoa mvuke peke yake inashikilia. Isiyopata joto kabisa haifanyi kazi. Inayoshikilia mara nyingi si silinda ya gurudumu bali hozi ya mpira iliyovimba ndani: mafuta yanaingia yakisukumwa, hayarudi. Hakikisha pia kijiti cha masta silinda kina nafasi ya milimita moja kabla ya kugusa pistoni. Bila nafasi hiyo, breki zote zinajikaza kadiri joto linavyopanda. Kwa ngoma zinazorekebishwa kwa mkono, kaza mpaka gurudumu ligome, rudisha mibofyo miwili.

Mtetemo, beringi na tairi

Ukiwa 80, kanyaga klachi. Mtetemo ukiisha, ni injini. Ukibaki, ni magurudumu au propela. Ukiusikia kwenye usukani ni mbele. Ukiusikia kwenye kiti ni nyuma au krosi ya propela, na krosi hupiga kelele ya kukwaruza ukiondoka taratibu.

Kila kituo, gusa habu zote nne. Habu usiyoweza kushika kwa sekunde tatu wakati wenzake ni vuguvugu tu, beringi yake imekazwa sana au haina grisi. Beringi za koni hukazwa huku gurudumu likizungushwa, kisha nati inarudishwa karibu moja ya sita ya mzunguko, na pini ya kufungia iwe mpya.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la maonyesho lina tairi zenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi na tano, nazo ndizo zinazochanika kwenye lami ya moto ya Same. Geji nayo inadanganya kidogo: ukitoka mita 1,400 hadi baharini, hewa ya nje inaongezeka na usomaji unashuka kwa psi 2 hivi bila upepo kuvuja. Pima upya asubuhi Tanga tairi zikiwa baridi.

Asubuhi ya pwani haliwaki

Jumapili alfajiri umande wa bahari umeingia kwenye kofia ya distribyuta. Usipige stata mpaka betri iishe. Futa kofia ndani na nje, nyaya za plagi na shingo ya koili kwa kitambaa kikavu. Mistari myembamba myeusi ndani ya kofia ni njia za umeme uliovuja, na kofia hiyo ni ya kutupa. Betri ikiwa volti 12.6 ni nzima. Injini ikiwa juu ya sailensa, alteneta isome 13.8 hadi 14.4. Dainamo haichaji kwenye sailensa, hivyo ukitembea kwa mwendo wa picha mpaka Pangani na taa zimewaka, utarudi na betri tupu.

Kwenye barabara za kuingia ufukweni, usipaki kwenye mchanga uliolowa na maji ya chumvi. Ukikwama, punguza upepo hadi psi 15, toka, ujaze tena kabla ya lami.

Kurudi

Mambo uliyobadilisha Korogwe yarudishe Same au Moshi, si Arusha. Gari lenye jeti za pwani likipanda kutoka Moshi litatoa moshi mweusi na kunywa petroli. Plagi zikishakuwa na masizi linaanza kumisi, na utadhani ni koili. Rudisha alama ya distribyuta pale ilipokuwa. Ukiwa na injini ya zamani ya Uingereza yenye hedi ya chuma, pima tapeti wiki hiyo hiyo ikiwa baridi: petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na bila risasi viti vya valvu za eksozi huzama kwenye mwendo mrefu wa kasi. Mwanya uliopungua kwa zaidi ya milimita 0.05 kwenye valvu hizo ni wa kufuatilia kila safari.

Siku ya kurudi, osha chini ya gari kwa maji mengi yasiyo na chumvi: ndani ya matao ya magurudumu, nyuma ya ngoma, maungio ya fremu, chini ya milango kwenye vitundu vya kutolea maji. Endesha kilomita chache ukikanyaga breki kidogo kidogo zikauke, halafu paki bila kuvuta hendibreki, weka gogo kwenye gurudumu.